Meza ya Watu Wawili kwa Jina la Paulino

Likombe, Mtwara
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mwanangu Somoe,

Barua huanza kwa kujuliana hali, lakini hali yako naijua. Asubuhi umekula vipande viwili vya muhogo ukasema umeshiba, kisha ukaondoka na mama yako kwenda kwa fundi kuchukua gauni. Hali yangu ndiyo usiyoijua. Mimi naogopa, mama. Naogopa tangu siku ile barua yako ya kazi ilipofika.

Habari za nauli, maji ya kuchemsha na wanaume wa mjini mama yako atazimaliza mwenyewe. Ameanza wiki iliyopita na bado hajafika nusu. Mimi nina jambo moja tu, na kwa mdomo limenishinda. Mara tatu wiki hii nimekuita, "Somoe, hebu njoo," ukaja, nikakutuma kiberiti. Mara ya tatu uliniletea kiberiti kabla sijakitaja, ukacheka. Nami nikacheka, nikakipokea.

Ulipopata kazi ya Dar es Salaam, ya kupokea simu za watu wanaotaka kuwekewa meza kwenye chumba cha kulia cha hoteli, nilinyamaza siku tatu. Ulidhani baba hataki binti wa Kiislamu afanye kazi penye pombe. Nilikuacha udhani hivyo kwa sababu dhana ile ilinisitiri. Kilichonifunga mdomo ni vitu viwili. Kwanza, yule bwana wa usaili alikuchukua kwa maneno ya Kiingereza niliyokufundisha mimi, ukiwa umekaa chini unakunja leso za mezani. Pili, utafikia kwa Mama Tereza. Ukiyasoma haya mpaka mwisho utaelewa kwa nini jina la mama huyo, anayekupenda, linanikausha mate.

Niliingia ile hoteli ya Shangani, hapahapa Mtwara, kabla ya Uhuru, kuosha sahani. Nikapanda hadi kubeba trei, na mwisho nikakabidhiwa simu na kitabu cha meza. Aliyenikabidhi ni yule mama wa Kizungu aliyeisimamia hoteli, tuliyeendelea kumwita Memsahibu hata baada ya neno lenyewe kuchakaa. Alinisimamisha mbele ya simu isiyo na mtu upande wa pili, akanifanya nirudie mpaka koo likanikauka. "For how many persons, sir?" Kwa watu wangapi, bwana? "At what time?" Saa ngapi? "Under what name, please?" Kwa jina la nani, tafadhali? Ukishaandika yote unamrudishia mwenyewe maneno yake, jina, idadi na saa, halafu unamalizia "Your table is reserved", kwamba meza yake imeshawekwa na hatakaa mtu mwingine.

Yote niliyashika kwa siku mbili, isipokuwa lile la kwanza. Mimi ni mtoto wa kijijini, wa Mpapura. Kwetu mgeni akibisha hodi unasema karibu, unaongeza maji kwenye mchuzi, basi. Kumuuliza mko wangapi ni kumwambia chakula hakitoshi, na bibi yako angenizaba kibao. Siku yangu ya kwanza kwenye simu, Mhindi mmoja mwenye duka aliomba meza ya mchana, nami nikamjibu kwa Kiingereza changu chote, "Welcome, all of you", karibuni nyote. Bwana yule alikuja na ukoo. Walikuwa kumi na saba, pamoja na bikizee mmoja aliyebebwa juu ya kiti chake, na mimi nilikuwa nimetandika meza ya wanne. Tuliingiza madawati ya bustanini, tukakaanga mayai yote ya jikoni, na Memsahibu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisa hiki unakijua. Ulikuwa ukivunjika mbavu kila nikikusimulia, nami nilipenda ucheke hapo ili usiniulize kingine.

Alipomaliza kucheka, Memsahibu alinipa sharti la pili, na hilo hakulifanyia mzaha. Kilichomo kwenye kitabu cha meza hakitoki. Mtu akipiga simu kuuliza fulani anakula lini na nani, jibu ni "I cannot say, sir", siwezi kusema, bwana, na kama atakasirika na akasirike. Sharti hilo nililishika barabara. Mabwana wa bandarini walinijaribu, wake zao walinijaribu, na Memsahibu mwenyewe alipiga siku moja akiwa ameibadilisha sauti, nikamnyima. Wenzangu wa jikoni waliniita Kufuli. Nililipenda jina hilo kuliko nilivyoonyesha.

Sasa habari za Bwana Paulino. Wewe unamkumbuka kidogo tu, yule mtu mrefu wa ng'ambo ya Ruvuma aliyekuita "mwalimu" kwa sababu ulikuwa ukimsahihisha Kiswahili. Alikuwa Mmakonde kama sisi, ila wa upande uliotawaliwa na Wareno. Vita vya kuwaondoa Wareno vilipoanza alivuka mto na mkewe, Mama Tereza, na kazi yake hapa ilikuwa kuwatafutia dawa wapiganaji waliojeruhiwa. Unakumbuka miaka ile ilivyokuwa. Ndege ikipita chini chini watu waliacha vyungu motoni, na mgeni asiyejulikana alitazamwa mara mbili, asije akawa mpelelezi wa Wareno. Kila Jumapili saa saba mchana Bwana Paulino alikutana pale hotelini na madaktari wa kigeni, meza ya watu wanne karibu na dirisha. Hakuwa mlaji. Mkate aliufunga kwenye leso yake kumpelekea mkewe, akidhani sioni, na mimi nilikuwa naongeza mkate mezani nikidhani haoni.

Ijumaa moja nimetoka kuswali, simu ikalia. Ilikuwa sauti ya mwanamume, Kiingereza kilichonyooka kabisa. Anataka meza. Kwa watu wangapi? Wawili. Lini? Jumapili, saa saba. Kwa jina la nani? Bwana Saidi. Nikamrudishia yote kama ilivyo desturi. Nilipotaka kuishusha simu, nikamsikia anacheka. Kiingereza akakiacha palepale.

"We Mmakonde we! Kizungu hicho cha puani umekipata wapi? Si juzi tu mlikuwa mnafukuzana na panya porini?"

"N'nani wewe?" nikauliza.

"Mtani wako, Myao wa Masasi. Unataka kunikatia simu bila salamu, umekuwa Mzungu lini?"

"Loo! Kumbe Wayao nao siku hizi wanajua simu," nikamwambia. "Umeishika upande gani, wa kusikilizia au umeiweka mdomoni unadhani hindi?"

Unajua utani ulivyo. Mtani akikutukana ukanuna, aibu ni yako. Msibani anakuja kulala juu ya jeneza, anakataa maiti isitoke, na wafiwa wanambembeleza huku wanacheka na machozi yanawatoka. Mtani haulizwi ana nia gani. Tulitukanana dakika nzima nzima, nimeegemea ukuta, nafuta macho kwa kona ya aproni. Siku nzima, mwaka mzima, mimi ni "yes sir" na "no sir", halafu kwenye simu ileile mtu ananiita Mmakonde mla panya. Nilijisikia nimerudi kwetu.

"Sasa sikia, mtani," akasema. "Yule kaka yenu Paulino n'lisoma naye misheni. N'nataka n'mkute kashika kijiko mbele ya Wazungu wake, n'mwambie arudishe kuku wa mama yangu. Anakaa upande gani?"

"Dirishani."

"Saa saba kamili?"

"Saa saba kamili. Hachelewi."

"Na watu wangapi?"

"Wageni watatu. Wao huja na gari, yeye huja kwa miguu, peke yake, kwa njia ya ufukweni."

Hilo la mwisho hakuniuliza, Somoe. Nililitoa mwenyewe, kama muuza dagaa anavyoongeza kiganja kwa mteja aliyemfurahisha.

"Usimwambie," akasema. "Ukimwambia utakuwa umeniharibia."

"Sisemi," nikasema.

Na kweli sikusema. Jumamosi nilikutana na Bwana Paulino sokoni. Alikuwa anachagua nazi, anazitikisa moja moja sikioni. Akaniuliza, "Baba Somoe, mbona unacheka peke yako?" Nikamwambia hamna kitu, ni mambo ya nyumbani. Nilikuwa nimemshika mkono wakati nasema hivyo. Nilikuwa na furaha ya mtu anayemfichia mwenzake zawadi.

Jumapili ile niliitandika meza ya Saidi karibu kabisa na ya dirishani, ili nisikose neno. Wageni watatu walifika, wakakaa. Saa saba ikapita, ikafika na robo, ikafika na nusu. Supu ilishika utando. Nikaitazama meza ya Saidi, nayo ilikuwa tupu. Muda si mrefu mama mmoja muuza pweza alikuja mlango wa jikoni, anahema. Alikuwa ameona mtu mrefu akiingizwa kwenye gari lenye turubai na wanaume wawili, mmoja amemkumbatia begani wakicheka naye. Yule mtu mrefu mwenyewe hakuwa anacheka. Gari lilikata njia ya kwenda mtoni.

Maofisa wawili wa serikali walifika upesi. Hawakuwa watu wabaya, na mmoja alinipa sigara. Waliniuliza swali moja tu la maana. Kuna mtu yeyote aliyeulizia habari zake, kwa simu au kwa mdomo?

Nikasema, "Hapana, bwana."

Kutoka mjini hadi Ruvuma njia ni ya mchanga, na mwezi ule mvua zilikuwa zimeiharibu. Gari halikimbii pale. Tena mto unapokaribia bahari maji hupwa na kujaa, na anayetaka kuvuka hungoja maji. Ningesema saa ileile kwamba mtu aliyejiita Saidi aliuliza saa na mahali, na mimi nikamwongezea njia, huenda wangepeleka habari kwenye vituo vya askari vya mbele. Huenda gari lingezuiwa. Huenda lisingezuiwa. Neno hilo "huenda" nimelala nalo na kuamka nalo, na hakuna mtu duniani atakayeniondolea.

Na sikuishia hapo. Maofisa walisema watarudi kukitazama kitabu cha meza. Walipotoka nilichana ukurasa wa siku ile nikautia kwenye jiko la mkate. Ulikuwa na maneno ya Saidi: wawili, saa saba. Nilijiambia naogopa kufungwa, wewe na mama yako mtakula nini. Kuogopa niliogopa kweli. Lakini nataka ujue nilichokiogopa hasa, kwa kuwa hata mama yako nilimficha kidogo hapo. Niliogopa kuonekana mjinga. Niliogopa watu wote wajue kwamba Kufuli amechekeshwa, akafunguka, akamtoa mtu. Kwa ajili ya fedheha hiyo nilimwacha Bwana Paulino avushwe mto.

Wiki ya pili yake Mama Tereza alikuja mlango wa jikoni. Hakuwa analia. Alisema, "Baba Somoe, nambari ya simu anayoijua mume wangu kwa kichwa ni hii ya hapa tu. Akipata upenyo atapiga hapa. Tena atakuja na njaa." Kisha akaomba nimwekee meza ya watu wawili, Jumapili saa saba, kwa jina la Paulino. Nikakifungua kitabu. Nilimwuliza maneno yaleyale, watu wangapi, saa ngapi, jina gani, ingawa yote ameshayasema, kwa maana sikuwa na maneno mengine ya kumwambia. Nikaandika. Ndani hakuingia. Alikaa kwenye ngazi za nyuma na kanga yake kichwani mpaka saa tisa, akainuka, akasema, "Basi, wiki ijayo." Nami nikaandika wiki ijayo. Ilikwenda hivyo miezi. Memsahibu aliuona ule mstari kila Jumapili na hakuufuta. Meza nilikuwa naitandika mwenyewe, uma, kisu, bilauri mbili, na saa tisa naitandua mwenyewe.

Mama yako kwa huruma alianza kumpelekea samaki na unga wa muhogo. Mama Tereza akatupenda. Alikuwa akiniombea dua kwa Kireno, mkono wake begani kwangu, na mimi nimesimama wima namsubiri amalize. Alipohamia Dar es Salaam kwa kaka yake aliniomba nimfundishe maneno ya Kiingereza ya kuweka meza, ili akipiga kutoka mbali mtu wa mitambo ya simu asimkatie kwa kudhani anachezea simu. Nilimfundisha palepale kwenye ngazi. Wewe ulikaa katikati yetu na daftari lako la shule, unamsahihisha matamshi, na kila akipatia unampigia makofi.

Alipiga mara moja. Ilikuwa Jumapili, simu ya mbali, sauti inakuja na kuzama. "I would like to reserve a table for two," akasema polepole, neno moja moja, kwamba anataka kuwekewa meza ya watu wawili. Kwa jina la Paulino. Wakati ule ulikuwa umeshapita mwaka na zaidi. Ningeweza kusema kitu chochote, Somoe. Ningeweza hata kumwambia kwa Kimakonde kwamba basi, mama, inatosha. Nilimjibu, "Your table is reserved, madam." Lilinitoka laini, bila kukwama, kama nilivyofundishwa. Akanishukuru. Ndilo neno baya kuliko yote niliyowahi kumwambia mtu kwa lugha yoyote.

Kesho yake nilimwomba Memsahibu anitoe kwenye simu. Nikahamia stoo, na baadaye nikaacha kazi kabisa, nikashika mikorosho ya Mpapura. Wewe uliambiwa ni mgongo. Mgongo wangu ni mzima. Lakini hadi leo nikipita posta simu ikalia mle ndani, nashika ukuta mpaka inyamaze.

Miezi hii redio inasema vita vya ng'ambo vinakwisha. Watu wa Mtwara wanafurahi, nami nafurahi, Mungu ni shahidi. Lakini Mama Tereza, katika barua yake ya kukukaribisha, aliandika kwamba wafungwa watafunguliwa, na kwamba ameanza kumshonea Paulino shati. "Somoe akija atanisaidia vifungo," alisema. Wewe uliisoma kwa sauti, ukasema maskini mama wa watu. Mimi nilitoka nje nikajifanya natazama kuku. Miaka yote hii nilijidanganya kwamba na yeye ameshajua moyoni, anajikaza tu. Kumbe bado ameketi kwenye ngazi zile. Na mimi sina habari ya kumpa kama mumewe yu hai au hayupo. Ninachoweza kumpa ni kimoja tu, jinsi alivyopatikana siku ile, na kwa mdomo wa nani.

Hapo ndipo hofu yangu ilipopata meno. Nikinyamaza, utalala kwenye nyumba ile, utashona vifungo vile, utaitwa mwanangu na mwanamke ambaye mumewe alisalitiwa na baba yako, na hutajua. Nikikuambia halafu nikakuacha uende peke yako, utakula chakula chake ukiwa umelibeba, na kila akikutazama utainamisha uso. Nililigeuza hili huku na huku mpaka nikaona hakuna upande usiokuumiza.

Juzi nilimwambia mama yako. Alikuwa anapepeta mchele, na ungo hakuuacha. Akasema, "Na wale samaki n'liokuwa nampelekea, kumbe n'likuwa nampelekea nini?" Tangu hapo ananipakulia chakula bila kunitazama. Wewe uliona, ukauliza tumegombana nini. Ndiyo hayo.

Nikuambie nini basi, wewe unayekwenda kushika simu? Maneno unayajua kuliko mimi, na masharti watakufundisha. Sitaki uwe mkavu. Binti yangu asiyecheka simjui. Watakupigia watani, watakupigia watu wa kusini watakaoisikia lafudhi yako na kukuita dada, na baada ya siku nzima ya Kiingereza moyo wako utawakimbilia. Wakimbilie, cheka nao. Lakini kabla hujafungua kitabu, jiulize kama huyu anatafuta meza au anatafuta mtu. Mimi niliweka ulinzi kwenye lugha ya wageni tu. Ya kwetu niliiacha wazi, kwa kudhani anayejua kunitukana vizuri namna ile hawezi kunidhuru.

Na utakosea, mama. Sijaona mtu wa kazi ile asiyekosea. Siku utakayokosea sema siku hiyohiyo, kwa yeyote aliye karibu, hata kama sauti inakukauka. Siku ya kwanza ni sentensi moja. Siku ya pili una sentensi ile, na pia una ukimya wa jana wa kueleza. Mimi nina miaka sita ya kueleza, ndiyo maana barua imekuwa ndefu hivi.

Sasa nimefika kwenye lile ninaloliogopa kuliko yote. Mlipoondoka kwenda kwa fundi nilikwenda ofisi ya mabasi. Mkata tiketi akaniuliza viti vingapi. Nikasema viwili. Akauliza kwa majina gani. Nikataja lako, kisha langu, na langu ilibidi nilirudie kwa sababu mara ya kwanza halikutoka. Nataka kwenda mwenyewe mpaka kwa Mama Tereza, nikae mbele yake, niseme yote niliyoandika hapa, bila kuruka ile njia ya ufukweni. Kisha nitakwenda kwa wenye serikali niseme tena. Huenda wakanifunga. Huenda Mama Tereza akatufukuza wote wawili, na ikiwa hivyo shangazi yako wa Magomeni atakupa mahali pa kulala. Huenda asinifukuze. Akinikaribisha ndani baada ya kusikia, hapo sijui nitaweka wapi uso wangu.

Utauliza, kama nakwenda kusema, barua ya nini? Kwa sababu najijua, Somoe. Niliwahi kuulizwa swali la ndiyo au hapana, nikajibu hapana huku navuta sigara ya aliyeniuliza. Kesho alfajiri nitatoka kwenda msikitini, na kutoka huko nitakwenda moja kwa moja kwenye basi bila kupita nyumbani. Hii utaikuta ndani ya kiatu chako kipya. Isome kabla hujakivaa. Ukiona huwezi kukaa kando yangu safari nzima, mwambie kondakta akubadilishie kiti. Sitakulaumu, wala sitauliza.

Nawasikia mnakuja. Mama yako anasalimiana na jirani, na wewe unacheka kitu. Naandika upesi.

Viti vyetu viko nyuma ya dereva. Basi halingoji mtu, nawe usimsihi dereva aningoje. Likiondoka na kiti changu kitupu, usirudi nyumbani kunitafuta. Nenda na barua hii mpaka kwa Mama Tereza, na kabla hujala chochote nyumbani kwake, mpe aisome.

Baba yako,
Issa